Isukuti Niliyoinasa Nyuma ya Soko

Filamu yangu kuhusu mji wa Kakamega haina msimulizi, ni sauti na picha tu. Nikiwa nyuma ya soko nilinasa ngoma za isukuti na mama mmoja akiimba, bila kuwaona. Kwetu isukuti hupigwa harusini na matangani pia, lakini mimi, fundi wa kusikiliza, sikuuliza. Sauti hiyo niliiweka juu ya picha ya bibi harusi akisukwa saluni.

Siku ya maonyesho, ukumbi mzima ulicheza vitini.

"Harusi gani hii bila kuku?" mmoja akapaza sauti. Nilicheka naye.

Mama wa mstari wa mbele akasimama.

"Zima, mwanangu. Anayeimba ni mimi. Tulikuwa tunapita nyuma ya soko na mume wangu, tukimtoa mochari."

Taa zilipowashwa, bado nilikuwa nikitabasamu.