Kati ya Kaza na Vuta

Ipo siku moja ya machimboni Sekenke, mwanangu, ambayo nikiikumbuka mpaka leo viganja vinaniwasha. Nilikuwa mke mpya, kanga za harusi hata hazijapauka, na mume wangu Elia alikuwa mchimbaji wa dhahabu. Mimi niliwapikia wachimbaji pale pale machimboni, kando ya duara lao. Duara ndilo shimo la mgodi. Usinicheke. Ugali wangu ulikuwa na jina.

Nikiwa nasonga, nikasikia ardhi ikiguna. Ukuta wa duara ulikuwa umemomonyoka huko chini, na jiwe limemponda Elia mguu. Wenzake wakamchomoa, wakamfunga kamba kifuani, wakapiga kelele avutwe upesi, maana udongo ulikuwa bado unadondoka. Wengi walikuwa wamekwenda mnadani Shelui, juu tulibaki wachache. Nikauacha mwiko ndani ya sufuria, nikaishika kamba pamoja na wanaume. Na kamba yenyewe ilikuwa imechoka. Wahenga husema papo kwa papo kamba hukata jiwe. Siku ile sisi tuliogopa jiwe likate kamba.

Aliyetuongoza ni Mzee Msengi, Mnyiramba mfupi mwenye sauti kubwa kuliko kifua chake. Hata wasiompenda walimheshimu. Kazi yake pale ilikuwa maneno mawili tu. Akisema "Kaza!", mnavuta taratibu mpaka ulegevu wote wa kamba uishe. Halafu ananyamaza, anaitazama kamba. Akisema "Vuta!", ndipo mnatia nguvu zenu zote. Kati ya neno la kwanza na la pili haruhusiwi mtu hata kukohoa.

"Kaza!" Tukakaza. Kamba ikanyooka, na Elia hakuinuka hata kidogo. Mzee akanyamaza. Mwanangu, kimya kile! Nilisikia kokoto zinadondoka kule chini na mume wangu anaita jina la Yesu. Nikaona huyu mzee anachezea roho ya mtu. Nikajiweka sawa nijitupe nyuma na kamba.

"Binti!" Hakupaza sauti, lakini nilishtuka kuliko kama angenizaba kofi. "Ukiishtua hiyo kamba, utabaki na kipande mkononi, na mjane ni wewe."

Nikatulia, machozi yananitiririka. Kamba ikalia kidogo kwenye gogo lililolazwa mdomoni mwa duara, nyuzi zake zikashikana, na mzee akasema, "Vuta!" Tukavuta. Elia akaja juu taratibu bila kugonga ukuta, amejaa vumbi hadi kwenye kope. Nikamkumbatia mbele za watu, jambo ambalo enzi zile lilikuwa aibu, wala sikujali. Tangu siku hiyo Mzee Msengi nilimwamkia kwa magoti yote mawili, na alipofariki nilimlilia kama baba yangu mzazi.

Sasa sikiliza maajabu. Juzi juzi mjukuu wetu Neema, anayesomea tiba ya viungo, alikuja likizo na kimashine. Akanibandika vibandiko vya waya pajani, akanifunga kifundoni kitu cha kupima nguvu ya mguu.

"Bibi, nikisema 'Haya!', sukuma mguu mbele."

Nikasukuma. Kwenye simu yake kukatokea mistari miwili. Wa juu ukaruka kwanza, wa chini ukafuata nyuma yake kidogo. Nikamwambia mashine yako mbovu. Akacheka mpaka akakaa chini. Kumbe mstari wa juu ni umeme unaoamsha msuli, na wa chini ni nguvu yenyewe. Umeme ukishafika, msuli hauvuti hapo hapo. Kwanza unaamka, unamaliza ulegevu wake, unainyoosha kano inayoushika kwenye mfupa, ndipo nguvu inaonekana. Muda wenyewe ni mfupi kuliko kupepesa jicho, lakini upo, kwa bingwa wa mbio na kwa bibi kizee kama mimi.

Loo! Kumbe miaka yote hii natembea na Mzee Msengi ndani ya mapaja yangu! Kaza, nyamaza, vuta, kila hatua, na wala sijawahi kumsikia. Mungu fundi, mwanangu. Mungu fundi kwelikweli.

Elia alikuwa amekaa hapo hapo, amenyoosha ule mguu wake wenye kovu. Mzee huyu hapendi habari za duara. Tumezaa, tumezeeka, hajawahi kunisimulia siku ile ilikuwaje kule chini. Neema alipomaliza kueleza, Elia akasema bila kuulizwa:

"Mimi nilipona kabla hamjavuta. Kamba iliponibana kifuani, sijainuka hata kidogo, nikajua kuna watu juu. Hofu ikaniisha."

Kimya kile nilichokichukia huku juu, mwenzangu kule chini ndicho kilichompa uhai.

Basi, mwanangu, subira yavuta heri, lakini subira si kulegea. Ukianza jambo, kaza kwanza. Ukiona umetia bidii na hakuna kilichosogea, usiseme nimetwanga maji, wala usijirushe kwa hasira ukakata kamba. Nguvu iko njiani. Na ukiwa na mtu wako aliye shimoni, awe mgonjwa, awe mfiwa, awe mlevi aliyekushinda, na leo huna uwezo wa kumtoa, usimwachie kamba ilegee. Mpigie simu. Kaa naye tu. Ajue kuna mtu juu.

Mungu akujalie mikono isiyo na pupa, akuwekee wazee wa kukukemea ungali unasikia. Na siku zamu ya shimo ikiwa yako, maana kila mtu ana zamu yake, usikie kamba imekubana kifuani.