Mtani Aliyepakatwa

Jumatatu nilikuwa kwenye studio moja ya picha hapa Masasi alipoingia mama kutoka Lupaso, nyuma yake mzee mwenye bakora. Mama alifuata picha ya marehemu baba yake. Marehemu hakuwahi kupigwa nyingine, na arobaini yake ni Ijumaa.

Fundi aliitoa kwenye bahasha, akaiweka mezani huku ameiziba nusu kwa kiganja.

"Mama, kamera ilikwama. Mkanda haukusogea, picha mbili zikaangukiana."

Alipoondoa kiganja tuliona marehemu ameketi kitini, na mapajani pake, hafifu kama moshi, ameketi mtu mwingine. Alikuwa yule yule mzee wa bakora, mtani wake wa miaka yote. Siku ya kupigwa picha walikuja pamoja, wakapigwa mmoja baada ya mwingine kwenye kiti hicho hicho.

Mama aliishika picha kwenye kingo, akaitazama mpaka nikaanza kuogopa.

"Mzee, umemkalia baba yangu."

"Baba yako ndiye aliyekataa kuondoka kitini. Ubishi wake huujui?"

Mama akacheka, kisha akajifuta macho kwa upindo wa kanga. Fundi akasema anaweza kukata, abakize uso wa marehemu tu.

"Usikate," mama akasema. "Msiba wa baba utakosaje mtani?"

Siku hizi kamera za kila aina zinaingia nchini, nami ni mwepesi wa kuzilalamikia zinapokwama. Safari hii mzee aliniwahi, akaegemea meza.

"Na mimi nisafishie nakala ya hiyo hiyo," alimwambia fundi. "Kupigwa tena peke yangu sitaki."