Mtu Si Herufi

Saa mbili asubuhi, fundi wa mabango anafuta kwa kitambaa kazi ya siku nne. Chumba kinanuka tapentaini, na yeye amenuna waziwazi.

"Jana nilishamaliza," analalamika. "Nilibakiza kuweka sahihi tu!"

Kwenye turubai ya kuchorea yumo mwanamke aliyesimama uwandani, majani yakimfika magotini. Ni nakala ya picha ya kale iliyo kwenye kitabu cha mwalimu wake, mama mstaafu aliyefundisha uchoraji sekondari. Kwa maoni ya mwalimu, mwanamke huyo ameandikwa, hajachorwa.

Hakosei. Kwa miaka thelathini na mmoja fundi ameandika majina ya maduka na saluni, na mkono wake umezoea ukingo mkali. Mwanamke wa pichani naye fundi alimzungushia mstari mweusi, kisha akajaza majani pembeni, kama anavyojaza rangi kuzunguka herufi. Ungedhani amebandikwa kwa gundi.

"Mtu si herufi, fundi," mwalimu anamwambia, amesimama nyuma yake. "Acha majani yamguse."

Rangi ya mabango hukauka upesi. Hii ya mafuta hubaki mbichi siku kadhaa, ndiyo maana leo inafutika. Mwingine angeshukuru, lakini fundi hana siku za kuchezea.

Mama yake alifariki yeye akiwa na miaka sita, na hakuacha picha hata moja. Anayeukumbuka uso wake ni dada yake mkubwa peke yake, na dada huyo macho yanafifia. Daktari amesema hayatarudi.

"Nataka nimchore mama wakati dada bado anaweza kuniambia ndiye au siye," anasema. Anajifanya anatafuta brashi.

Kufikia adhuhuri ukingo umelainika, na mwanamke sasa amesimama ndani ya majani. Dada anaingia na bakuli la chakula, anaisogelea turubai hadi pua inakaribia kupakwa rangi.

"Huyu siye mama."

"Najua, dada. Huyu wa kujifunzia."

"Hata kusimama hasimami kama yeye. Mama alikuwa anaegemea mguu wa kushoto, mkono kiunoni, kama anataka kukugombeza halafu anaghairi."

Fundi anaitoa turubai mpya, aliyopanga kuianza mwezi ujao, na kuiegemeza ukutani penye mwanga.

"Weka bakuli chini, dada," anasema. "Simama hivyo. Nionyeshe."