Pepo wa Mwero Apenda Mnazi

Mwero wa Kikoneni hakuwahi kujiita mlevi. Kwake yeye, mlevi ni mtu anayelala njiani, na yeye alikuwa akilala kando ya njia. Alikuwa na mikorosho kumi na minane, shamba la muhogo, na nafasi yake ya kudumu kwa Baya mgema, ambako pombe ya mnazi iliteremshwa alfajiri na kumalizwa kabla ya adhuhuri. "Mnazi ni chakula," alipenda kusema, na kweli hakutia kingine tumboni hadi jioni.

Mkewe, Dama, alivumilia miaka ishirini na miwili. Alivumilia hata siku ya maziko ya babake, Mwero aliposimama kaburini mbele ya wakwe akaanzisha wimbo wa harusi. Baada ya hapo ndipo Dama akaanza kuumwa na kichwa. Hospitalini Msambweni alipimwa, akaambiwa hana ugonjwa. Basi akaitwa Bi Kavumbi, mganga, akaja na wapiga kayamba wake. Kayamba zikalia uani, Dama akatetemeka, na sauti nzito isiyo yake ikamtoka.

"Wataka nini, mgeni wetu?" akauliza Bi Kavumbi, maana pepo husemeshwa kwa adabu.

"Harufu ya mnazi yaniudhi. Mwenye nyumba akiunywa tena, huyu niliyempanda simwachi."

Mwero hakumwogopa chifu, na Mungu alimwogopa Ijumaa tu, lakini pepo alimwogopa siku zote. Akaapa pale pale mbele ya majirani. Kichwa cha Dama kikapoa siku hiyo hiyo.

Majuma matatu Mwero alikaa mkavu. Akaanza kuona mambo ambayo hakuwahi kuyaona: paa lake linavuja, muhogo wake mwembamba kuliko wa jirani, na mchana ni mrefu kupita kiasi. Alijionea huruma mno. Mwishowe akapata shauri ambalo aliliona kubwa: ikiwa pepo ndiye aliyemkataza mnazi, basi pepo mwingine na amruhusu.

Jumatatu akaanguka mgonjwa. Mgongo, miguu, na kiungo chochote alichoulizwa, vyote vilimuuma. Bi Kavumbi akarudi, kayamba zikalia tena, na mama mkwe akaja kuangalia. Mwero alitetemeka kuliko mkewe, hata vifungo viwili vya shati vikakatika.

"Wataka nini, mgeni wetu?"

"Mnazi," Mwero akanguruma. "Kibuyu kizima. Kila siku."

Bi Kavumbi akaagiza kibuyu. Baya alikileta mwenyewe, mbio, kwa mapenzi ya kazi yake. Pepo akanywa, akataka cha pili, akapewa. Mwero alijisikia raha hadi machozi yakamlengalenga, akaona hakuna mwerevu kama yeye Kwale nzima.

Bi Kavumbi akanyamazisha kayamba. "Mgeni amekunywa, amekwenda zake na pombe yake. Mwero, mwanangu, inuka uwaamkie watu."

Hapo ndipo Mwero alipokumbuka. Mamake mzazi alikuwa na pepo wake, na tangu utotoni alimwona akinywa chupa nzima, pepo akashuka, mama akainuka mkavu, akasonga ugali. Anayekunywa ni pepo, na aliyepandwa huamka bila ulevi wala kumbukumbu. Kijiji kizima kilijua hivyo, na kijiji kizima kilikuwa uani kinangoja.

Akainuka. Uwanja ukamzunguka, akaukumbatia mwembe wa jirani, kisha akamgeukia mama mkwe ampe shikamoo. Akafungua kinywa. Ukatoka wimbo wa harusi, ule ule wa kaburini, ubeti wa kwanza hadi wa mwisho.

Watu walicheka hadi wapiga kayamba wakakaa chini. Mama mkwe alijifunika uso kwa leso. Dama hakucheka. Alimshika mkono, akampeleka ndani, akamlaza mkekani.

"Na wako, Dama?" Mwero akanong'ona. "Alikuwa wa kweli?"

"Wangu aliposhuka sikukumbuka neno. Niliambiwa na watu," Dama akasema, akimvua viatu. "Wewe lala. Kesho utakumbuka yote."

Akakumbuka yote. Aliona haya hata ya kutoka nje kuziba paa, na asubuhi hiyo mvua ilikuwa ikinyesha.