Ramani ya Babu kwa Darasa la Nne

Mwaka 1986 Badawi alikuwa akifundisha jiografia katika shule moja ya msingi mjini Malindi. Darasa zima la nne lilikuwa na vitabu vitatu. Watoto waliweza kutaja mito ya nchi za mbali, lakini ukiwauliza msikiti wao uko upande gani wa soko, walitazamana.

Shangazi yake, Bi Mwanasiti, alihifadhi sandukuni ramani ya mji wa kale aliyoichora marehemu baba yake, babu yake Badawi, kwa wino: vichochoro, visima, kila nyumba na jina la mwenyewe. Badawi aliiomba ili atengeneze kijitabu rahisi cha kila mtoto. Akakubaliwa siku ya tatu, kwa masharti mengi.

Kaingu, karani wa shule, mtu wa Tezo, alimfundisha kuinakili kwa sindano juu ya stensili, ile karatasi ya nta inayotiwa kwenye mashine ya kurudufishia. Wakazungusha mashine juma zima, wakapata vijitabu mia na ishirini, wakavishona kwa uzi.

Kisha mvua ya masika ikapenya paa la ofisi. Vijitabu vilikuwa kabatini. Ramani ilikuwa mezani. Badawi aliikuta imelowa chapachapa, wino umekuwa madoa matupu. Siku ile hakuweza kula. Alasiri akaenda kwa shangazi yake.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona midomo imekukauka?"

Akamwonyesha ramani, akampa na kijitabu kimoja. Bi Mwanasiti aliitazama. Kisha akafungua kijitabu, kidole kikafuata vichochoro.

"Hapa ndipo kwetu. Na kisima cha jirani yetu Bi Jaha ki wapi?"

"Babu hakukichora."

Bi Mwanasiti akaangua kicheko mpaka akafuta machozi. "Walikuwa hawasemezani! Kumbe baba alimnyima hata kisima!"

"Umeniwia radhi, shangazi?"

"Nimeumia, sikufichi. Lakini mende walikuwa wakiila humo sandukuni, na hakuna aliyeisoma. Sasa ziko mia na ishirini. Kitie kisima cha watu."

Badawi alishusha pumzi, akaketi, akala mahamri manne bila kukaribishwa mara ya pili.

Muhula uliofuata kisima kilikuwamo. Shule moja ya Kibarani, Kilifi, ikaomba kijitabu kama hicho, na Badawi akaenda mwenyewe kuwaonyesha walimu jinsi ya kuchora mtaa wao.