Redio Ilisema Huenda

Sisi tuliokimbia mchakamchaka pekupeku miaka ya tisini, tukacheza rede mpaka tukafuatwa kwa fimbo, tulikuwa na ugonjwa ambao watoto wa sasa hawaujui: tulipenda utabiri wa hali ya hewa. Nyumba yetu ilikuwa Mabatini, bondeni, jirani na mto Mirongo. Redio ikisema huenda mvua kubwa ikanyesha Kanda ya Ziwa, mama alipandisha unga na magodoro juu ya kabati, kisha sote tukaenda kulala kwa dada yake, mama mkubwa, kule mlimani kwenye mawe. Mama mkubwa alikuwa na televisheni ya chogo na maandazi ya iliki. Basi mimi na pacha wangu Doto tuliiamini redio kuliko watangazaji wenyewe. Likipita wingu dogo kama leso, Doto ameshavaa viatu.

Baba hakuamini. Soko huria ndiyo kwanza limechangamka, maduka yamejaa redio za kila rangi, naye akanunua yenye antena ndefu, unaweza kuchomea mishikaki. Stesheni zilikuwa zimeongezeka, na baba alichagua utabiri kama watu wanavyochagua mitumba. Huyu anasema mvua, anamwacha; anazungusha kitufe mpaka ampate mtangazaji wa jua.

"Huenda, huenda! Mtu mzima analipwa mshahara kusema huenda?"

Asubuhi tukirudi na kukuta nyumba kavu, na mara nyingi tuliikuta kavu, alimcheka mama mbele ya majirani. Mama aliteremsha magodoro tu.

Ukaja mwaka wa mvua za Elinino. Jioni moja redio ikasema tena huenda, mama akatukusanya, baba akagoma. Safari hii hahami, ana mpira wa kusikiliza.

"Twende basi, Baba Kulwa."

"Nendeni nyinyi waumini wa redio. Mnisalimie maandazi."

Tulipanda mlima bila yeye, na kwa mara ya kwanza nikaliacha andazi la mama mkubwa sahanini. Mvua ilipoanza, ilipiga bati mpaka watu wa kwenye televisheni wakawa wanachezesha midomo tu. Mama alisimama dirishani, hakai. Niliogopa kwamba baba atakufa, nikalia waziwazi. Doto naye alilia, akasema ni jino.

Mlango ukagongwa. Alikuwa baba, matope mpaka kiunoni, redio kichwani, juu yake kaifunika kwa sufuria. Maji yalikuwa yamefika kitandani. Mama alimtazama, akajifuta macho kwa kanga, akaingia jikoni na kurudi na sahani ya wali na sato, imefunikwa vizuri.

"Ulijuaje nitakuja?" baba akauliza.

"Sikujua. Kaka yako akisema huenda atakuja Jumapili, si naongeza kikombe cha mchele? Asipokuja tunakula kiporo. Umewahi kumwita mwongo?"

Baba alimmegea mama kipande cha sato, jambo ambalo nyumbani kwetu lilistahili kutangazwa sikukuu.

Siku hizi redio ni simu. Juzi hapa Buswelu uliingia ujumbe kwamba huenda kukawa na upepo mkali na mvua kubwa. Ukuta wa jirani umeinamia chumba cha wanangu, nikawahamishia sebuleni, wakanuna kama nimewanyima chakula. Enzi zetu tungeshangilia! Halikudondoka hata tone. Asubuhi mwanangu mkubwa, kijana mwenye simu pana kuliko uso wake, akafungua mlango akaangalia anga.

"Mama, hiyo mvua yako imekosa kivuko kule Sengerema?"

Akacheka, na kicheko kile ni cha baba mtupu, hata namna ya kushika kiuno. Nilicheka nami, huku roho inaniuma. Nikageuka kumtafuta mama amjibu, ndipo nikakumbuka kwamba siku hizi mama ni mimi.