Radloff na Vifaru Vilivyoondoka Bila Vita

Ortwin Radloff alifundisha vijana kuendesha vifaru kwa miaka ishirini na ushei, na muda wote huo sidhani kama aliwahi kula chakula cha Jumapili kwa utulivu. Kambi yetu ya Hohenkiefern ilikuwa na king'ora. Kikilia, mwanajeshi huacha kijiko mchuzini akakimbia, awe na wageni asiwe na wageni. Kililia siku ya harusi ya shemeji yake, bwana harusi akabaki bila msimamizi. Kililia tena mkewe Gerlinde aliposhikwa na uchungu wa kumzaa Anett, na mimi, jirani wa ghorofa ya chini, ndiye niliyempeleka hospitali kwa gari la mkate, dereva wa duka akiwa usukanini.

Mkate ndiyo kazi niliyokuwa nikiifanya, katika duka la kambi. Mume wangu alikuwa fundi wa redio wa kikosi hichohicho. Huko kwetu Ujerumani Mashariki, kwenye misonobari karibu na mpaka wa Poland, ama ulikuwa askari, ama uliolewa na askari, ama ulimuuzia askari kitu. Makuruta walioletwa kutoka kusini walikuwa wakisema Mungu alipoumba dunia alifika kwetu Jumamosi jioni, amechoka, akamwaga mchanga uliombakia akaenda zake. Lakini divisheni ile ya vifaru ndiyo iliyotulisha, na mchanga tuliuzoea.

Radloff hakuwa mtu wa vita. Baba yake alirudi kutoka vita vikuu na mguu mmoja, na hakupenda kuulizwa ule mwingine ulibaki wapi. Mwanawe aliingia jeshini kwa sababu ya mapenzi ya injini tu, kwani jeshi ndilo lililokuwa na injini kubwa kuliko zote. Kuruta akizima kifaru katikati ya matope, Radloff hakumtukana kama wakufunzi wengine.

"Mbembeleze, mwanangu," alikuwa akimwambia. "Huyu ni ng'ombe wa tani arobaini. Ukimpiga teke atalala hapohapo."

Ilipofika vuli ya mwaka 1989, mambo yakageuka. Watu walianza kuandamana mijini na mishumaa mikononi, wakidai uchaguzi wa haki na ruhusa ya kusafiri. Katika mji wa mkoa wetu aliyewatoa watu kanisani na kuwaongoza barabarani alikuwa Bi Roswitha Mahnke, mpiga kinanda wa kanisa, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya kusikika mtaa wa pili. Anett Radloff alikuwa akisomea uuguzi mjini humo, naye alikuwa anaandamana. Gerlinde alijua. Radloff alijua. Nyumbani hawakulitaja.

Basi asubuhi moja kikosini wakachaguliwa watu mia. Bunduki ziliachwa ghalani; wakapewa marungu na ngao, wakapandishwa malorini, tayari kupelekwa mjini kwenye maandamano. Radloff akapewa kuongoza lori la pili. Meja Köppen, mkuu wao, akapita akikagua.

"Afande," Radloff akamwuliza, "tunakwenda kumpiga nani?"

"Tunakwenda kulinda usalama."

"Binti yangu yuko kule."

Köppen akamsogelea. "Basi omba amri isije," akasema chinichini, akaendelea na lori la tatu.

Walikaa malorini mchana kutwa, injini zikinguruma, hakuna anayemtazama mwenzake. Nilipeleka mkate, nikarudi nao. Alasiri wakaambiwa washuke, warudishe marungu. Hakuna aliyeeleza kwa nini, na hakuna aliyeuliza.  Radloff akanawa uso, akaja dukani, akanunua keki nzima ya tufaha, akaanza kuila hapohapo akiwa amesimama.

"Una nini leo?" nikamwuliza.

"Leo sikukuu, jirani," akajibu, mdomo umejaa. "Sikukuu yangu peke yangu. Usimwambie mtu."

Haukupita muda ukuta wa Berlin ukafunguliwa, na mwaka uliofuata nchi mbili za Ujerumani zikawa moja. Nchi moja ingeyafanyia nini majeshi mawili yaliyoelekezeana mizinga miaka yote ile? Divisheni yetu ikavunjwa. Siku ya gwaride la mwisho bendera iliteremshwa, ikakunjwa, ikapelekwa ofisini kama shuka la hotelini. Meja Köppen alilia mbele ya askari wake bila kujificha. Kesho yake wale wachache waliobaki kufunga kambi wakavaa sare za jeshi ambalo mpaka juzi lilikuwa adui yao. Suruali ya Radloff ilimwishia juu ya vifundo.

Gerlinde alipomwona mlangoni alicheka mpaka akashika ukuta. "Mume wangu, hiyo umemvua mtoto gani?"

"Hii ndiyo saizi ya amani, mama Anett," akasema, akajizungusha ili aonekane vizuri.

Nisiwadanganye, si wote waliocheka. Duka langu lilifungwa kabla ya Krismasi. Mume wangu alikwenda Hamburg kutafuta kazi, akawa anarudi mwisho wa mwezi. Katika ghorofa yetu kulikuwa na wanaume wazima waliokaa jikoni na nguo za kulalia mpaka adhuhuri, kwa sababu hakuna aliyewaamrisha kuvaa. Radloff ndiye mtu wa pekee niliyemwona akinenepa.

Kanali aliyeletwa kutoka upande wa Magharibi, mtu mpole, aliuliza nani yuko tayari kuvipeleka vifaru stesheni, vipakiwe kwenye treni vikakatwe vyuma chakavu. Radloff akanyoosha mkono. Kipupwe chote kile alivipeleka kimoja kimoja, akipunguza mwendo kila alipopita mbele ya nyumba zetu ili vioo visitetemeke. Siku moja nilikuwa nimesimama kwenye makutano ya reli na Köppen, aliyekuwa sasa na koti la kiraia lisilomkaa. Radloff akasimamisha kifaru, akatoa kichwa nje.

"Tumeshindwa, Radloff," Köppen akamwambia. "Hata risasi moja hatukufyatua."

"Ndiyo raha yenyewe, afande."

"Usiniite afande. Mimi si afande wa mtu tena."

"Haya, Bwana Köppen. Ndiyo raha yenyewe. Marehemu baba angetoa na mguu wa pili apate jeshi la namna hii."

Köppen akamgeuzia mgongo, akaondoka bila kuaga.

Kifaru cha mwisho kilipopakiwa, kanali alimwambia Radloff anaweza kubaki katika jeshi jipya, kwanza kwa miaka miwili ya majaribio. Radloff akamshukuru, akakataa. Jioni hiyo sauti ya Gerlinde ilipenya dari yangu yote.

"Umekataa? Na sasa utaendesha nini, toroli?"

"Nitafundisha."

"Nani siku hizi anataka kufundishwa kifaru?"

"Nani kasema kifaru?"

Alikuwa ameona jambo ambalo wengine hatukuliona. Kila aliyekuwa na akiba kidogo alikuwa akinunua gari kuukuu la Magharibi, na wake za askari, sisi ambao miaka yote tuliendeshwa, sasa waume walikuwa mbali na magari yalikuwa uani. Radloff akaenda kusomea cheti, akanunua gari dogo jekundu, akafungua shule ya udereva. Nilikuwa miongoni mwa wanafunzi wake wa kwanza. Mwingine alikuwa Bi Mahnke, mpiga kinanda, aliyepewa kazi ya kufundisha kwaya za vijijini na hakuwa na namna ya kufika huko.

Siku moja Bi Mahnke alikuwa kwenye usukani, mimi nyuma nasubiri zamu yangu.

"Punguza gia, Bi Mahnke. Punguza. Hiyo ni kuongeza!"

Gari likaruka kama mbuzi.

"Usinipigie kelele, Bwana Radloff. Wewe umezoea magari ambayo kila mtu huyapisha."

 Tukafika kwenye taa, Bi Mahnke akasimama vizuri kabisa. Halafu, bila kumtazama, akasema, "Anett aliniambia ulikuwa kwenye malori siku ile."

"Nilikuwepo."

"Ungenipiga?"

Taa ikawa kijani. Bi Mahnke akaachia klachi vibaya, injini ikazimika. Radloff aliweka mikono magotini, uso umempauka.

"Sijui, Bi Mahnke. Nimejiuliza mara nyingi. Natamani niseme hapana, lakini sijui. Ninachoshukuru ni kwamba sikulazimishwa kujua."

Nyuma yetu lori likapiga honi. Bi Mahnke hakuwasha gari.

"Nilikuwa na jiwe mfukoni," akasema. "Mkono mmoja mshumaa, mkono mwingine jiwe. Hata mchungaji hajui. Nilikuwa nawaambia vijana tusifanye fujo, na mimi mwenyewe nina jiwe."

"Ungelirusha?"

"Sijui."

Radloff akaanza kucheka. Alicheka taratibu kwanza, kama injini iliyopoa, kisha yakamshinda. Bi Mahnke akavua miwani, akacheka naye huku machozi yakimtoka. Mimi huko nyuma nilikuwa nimeshika mbavu na sikujua hasa nacheka nini. Dereva wa lori akashuka, akagonga kioo kwa hasira.

"Mmekufa humo ndani?"

Radloff akateremsha kioo. "Tuko hai!" akampigia kelele. "Wote tuko hai, ndugu yangu!"

Bi Mahnke alifaulu mtihani mara ya tatu. Mimi nilifaulu mara ya kwanza, na sichoki kulisema hilo.

Shule ilikua, gari moja likawa matatu. Köppen alijaribu kuuza bima nyumba kwa nyumba, lakini alikuwa akigonga milango kama anafanya msako, watu hawakufungua. Mwishowe akaenda kwa Radloff, akasimama mbele ya meza yake wima kama gwaride.

"Sheria za barabarani nazijua zote," akasema. "Kama una darasa."

"Kaa kwanza, Bwana Köppen. Gerlinde, tuletee kahawa."

Akampa darasa la Jumanne afundishe. Wiki ya kwanza tu walibishana mbele ya wanafunzi juu ya nani apite kwanza pale njia panda ya stesheni, Köppen akigonga ubao, Radloff akipiga meza, mpaka kijana mmoja akanyoosha mkono akauliza kama na hilo litakuwemo kwenye mtihani.